Brusela "chanya" bila jina la kipimo: cheti kinachowaponza wagonjwa wa homa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Ukiona ni ndefu mno, kata salamu, usikate namba.

Kuna cheti cha maabara ambacho wagonjwa wa homa wanakabidhiwa kikiwa na maneno mawili tu: "Brusela: chanya." Brusela ni ugonjwa wa bakteria tunaoambukizwa na wanyama. Hakisemi damu ilipimwa kwa kipimo gani, seramu (majimaji ya damu bila chembe) ilizimuliwa, yaani kupunguzwa nguvu, mara ngapi, wala homa ilianza lini. Kwa karatasi hiyo mgonjwa huanzishiwa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa wiki 6, pamoja na rifampisini kwa muda uleule au sindano za streptomaisini kwa wiki 2 hadi 3. Streptomaisini inaweza kuharibu masikio moja kwa moja. Rifampisini nayo ikipewa mtu ambaye kumbe ana kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, inavifundisha vijidudu vya kifua kikuu usugu. Na kama homa yake ilitokana na ugonjwa mwingine, ugonjwa huo unaendelea kumla huku kila mtu akisubiri wiki 6 ziishe.

Ninachotaka kusema ni kwamba makosa mengi katika kupima magonjwa tunayoambukizwa na wanyama hayatoki kwenye kitendanishi (dawa ya kupimia) kibovu. Yanatokana na kukiuliza kipimo swali ambalo hakikutengenezwa kulijibu, au kukiuliza siku isiyo yake, kisha jibu likaandikwa kwa mkato kiasi kwamba daktari hana pa kulitilia shaka.

Nianze na brusela. Vituo vingi vina vipimo viwili vya kwenye slaidi, vyote vikiitwa kwa jina moja. Vyote huchanganya seramu na antijeni, yaani chembe za bakteria waliouawa, na kingamwili (protini za ulinzi wa mwili) zikiwepo huzigandanisha. Cha kwanza ni antijeni za homa, zile chupa ndogo zinazokuja kwenye boksi moja na antijeni za Widal za taifodi. Cha pili ni Rose Bengal, antijeni ya rangi ya waridi iliyotiwa tindikali hadi pH ya karibu 3.65. Tindikali hiyo ina kazi: inazuia sehemu kubwa ya mgandano wa ovyo unaosababishwa na kingamwili zisizohusika. Antijeni za homa hazina kinga hiyo, ndiyo maana zinagandana kirahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu vituo vya afya nchini Kenya ulionyesha kwamba kipimo cha antijeni za homa kilitoa majibu chanya mengi mno kikilinganishwa na Rose Bengal, na wagonjwa wengi waliostahili kuambiwa hawana brusela wakaambiwa wanayo.

Hata hizo antijeni za homa zina utaratibu wake, na mara nyingi haufuatwi. Maelekezo ya kawaida ndani ya boksi yanataka seramu ipimwe kwa pipeti katika viduara vitano vya slaidi: mikrolita 80, 40, 20, 10 na 5, kila kimoja kikiongezwa tone moja la antijeni. Viwango hivyo vinawakilisha vizimuo vya 1:20 (sehemu 1 ya seramu katika 20), 1:40, 1:80, 1:160 na 1:320. Unachanganya, unatikisa, unasoma baada ya dakika 1. Sasa, siku yenye foleni, mpimaji anaweka tone moja la seramu na tone moja la antijeni kwenye kiduara kimoja, anaona chembe zimegandana, anaandika "chanya". Alichokipata ni sawa na kizimuo cha 1:20 au karibu na hapo, wakati ngazi inayokubalika na wengi kuwa ya kutiliwa maanani ni 1:160 na kuendelea, na hiyo ni kwa kipimo cha mirija kinachokaa nyuzi 37 kwa saa 24, siyo cha slaidi. Watu wengi wazima wanaoishi na mifugo, au waliowahi kupata maambukizi mengine ya bakteria, watagandisha kwenye 1:20 bila kuwa wagonjwa.

Rose Bengal ni afadhali sana, ila nayo inaharibiwa na haraka. Chupa hukaa kwenye jokofu nyuzi 2 hadi 8, isigande kamwe, kwa sababu antijeni iliyowahi kuganda huunda vidonge vyenyewe bila hata kukutana na damu. Kabla ya kutumia, chupa na seramu vyote vitolewe vikae nje kama nusu saa vifikie joto la chumba, kisha chupa itikiswe polepole ili chembe zilizotuama zisambae. Weka mikrolita 30 za seramu kwenye slaidi au kigae cheupe, weka mikrolita 30 za antijeni pembeni yake, changanya kwa kijiti safi mpaka upate duara la sentimita 2 hivi, halafu tikisa taratibu kwa dakika 4. Soma hapo hapo, kwenye mwanga mzuri. Ukienda kupokea simu ukarudi baada ya dakika 10, ukingo wa duara umekauka na kuacha mstari wa chembe za waridi unaofanana kabisa na mgandano. Majibu chanya ya namna hii yapo, na yanazaliwa na saa ya ukutani. Slaidi iliyooshwa vibaya ikabaki na sabuni nayo inaleta mchezo wake. Kinga ni moja: kila siku, kabla ya sampuli ya kwanza, pima seramu inayojulikana kuwa chanya na nyingine inayojulikana kuwa hasi. Ile hasi ikigandana, funga daftari, tafuta tatizo. Maabara inayosema haina seramu za ulinganisho haistahili kutoa majibu ya brusela siku hiyo, hata foleni ikifika barabarani.

Kuna pia majibu ya uongo ambayo hayana uhusiano na mkono wa mpimaji. Ukuta wa nje wa brusela unafanana na wa bakteria wengine kadhaa: Yersinia enterocolitica aina ya O:9, kipindupindu O1, E. coli O157 na baadhi ya salmonela. Aliyepata mmoja wa hao, au aliyechanjwa kipindupindu, anaweza kugandisha antijeni ya brusela. Upande wa pili, brusela itokayo kwa mbwa, Brucella canis, haina sehemu hiyo ya ukuta, hivyo Rose Bengal na kipimo cha mirija haviioni kabisa. Mfugaji wa mbwa mwenye homa ya wiki tatu na jibu "hasi" bado hajapimwa kitu.

Na lipo kosa ambalo hata wazoefu linawapita. Damu ikiwa na kingamwili nyingi kupita kiasi, mirija ya mwanzo, ile isiyozimuliwa sana, inaweza isigandane. Kila chembe ya antijeni inafunikwa na kingamwili zake peke yake, hakuna iliyobaki ya kuiunganisha na jirani. Mpimaji anayeishia kwenye 1:80 anaandika "hasi" kwa mgonjwa ambaye, angesogea hadi 1:640, angeona mirija imegandana wazi. Mgonjwa akiwa na dalili zote, maumivu ya mgongo wa chini, jasho la usiku, amekunywa maziwa mabichi, halafu jibu likarudi hasi, mwambie mpimaji azimue zaidi kabla hujalikubali.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea hata kipimo kikiwa kizuri. Chukua watu 1,000 wenye homa, na tuseme 20 kati yao wana brusela kweli. Kipimo kinanasa wagonjwa 95 kati ya kila 100, na kinawaachia wasio wagonjwa 95 kati ya kila 100. Kwa masikio ya wengi hicho ni kipimo cha kujivunia. Kitawanasa 19 kati ya wale 20. Lakini kati ya 980 wasio na brusela, kitawakosea 49. Jumla ya majibu chanya ni 68, na wenye ugonjwa ni 19 tu. Kwa maneno mengine, kati ya kila watu 10 watakaoambiwa "una brusela", 7 hawana. Hakuna aliyekosea kupima. Kilichokosewa ni kumpima kila mwenye homa bila kwanza kuuliza kama amegusa kondo la nyuma la ng'ombe au mbuzi aliyetupa mimba, kama anachinja, kama anakunywa maziwa yasiyochemshwa. Ukipima waliojibu ndiyo peke yao, tuseme kati yao 1 katika 5 ana ugonjwa, kipimo kilekile kitakuwa sahihi zaidi ya mara 8 katika kila majibu chanya 10. Mwenye kuamua kama jibu litakuwa na thamani ni anayeandika fomu ya kuomba kipimo, na kwa bahati mbaya ndiye asiyelaumiwa kamwe.

Tukitoka kwenye brusela, adui mkubwa ni kalenda. Wasomaji wanakumbuka homa ya Mgunda iliyotangazwa mkoani Lindi Julai 2022: wagonjwa walikuwa na homa, kichwa kuuma na kutokwa damu puani, vipimo vya Ebola na Marburg vikatoka hasi, na hatimaye ikabainika ni leptospira, bakteria watokao kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine. Ugonjwa huu una madirisha mawili. Katika wiki ya kwanza bakteria wako ndani ya damu, na kinachofaa ni PCR (kipimo kinachotafuta chembe za urithi za kijidudu) au kuotesha, yaani kuwakuza bakteria maabara. Wiki ya pili bakteria wanatoweka kwenye damu na kuanza kutoka kwenye mkojo, huku kingamwili zikipanda. Ukipima kingamwili siku ya 3 utapata hasi. Ukipima PCR ya damu siku ya 12 utapata hasi vilevile. Majibu yote mawili yamefanywa vizuri kitaalamu, na yote mawili yanadanganya. Ndiyo maana sampuli ya pili, siku 10 hadi 14 baada ya ya kwanza, ni sehemu ya kipimo chenyewe. Kizimuo kikipanda mara 4 kati ya sampuli hizo mbili, hapo umeshika ugonjwa. Sampuli moja tu ya kingamwili inaweza kuwa inasimulia maambukizi ya zamani.

Wapo pia wanaotafuta leptospira kwa kuangalia tone la damu kwenye hadubini yenye mandhari meusi. Nawasihi wasitegemee njia hiyo. Nyuzinyuzi za protini ya damu na vipande vya chembe nyekundu zilizopasuka hucheza na kujikunja kama leptospira halisi, na macho yenye hamu ya kuona huona. Anayeotesha naye aweke matone 1 au 2 ya damu kwenye chupa ya mililita 5, asijaze, kwa kuwa damu nyingi inazuia bakteria hao kukua. Kisha avumilie, wanaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi.

Homa ya Bonde la Ufa ni kalenda ileile iliyobanwa: kirusi kinakaa kwenye damu siku chache za mwanzo, kisha PCR inanyamaza na kingamwili za IgM, zile za mwanzo wa maambukizi, zinachukua nafasi. Homa ya Q, ugonjwa mwingine wa bakteria utokao kwa wanyama, inatoa kingamwili za namna mbili. Zile za awamu ya pili hutangulia katika ugonjwa wa ghafla, na za awamu ya kwanza zikipanda sana baadaye zinaashiria ugonjwa sugu, hasa kwenye milango ya moyo. Cheti kinachosema "homa ya Q: chanya" bila kutaja awamu hakimsaidii daktari wa moyo hata kidogo.

Chupa nazo zinaua majibu kimyakimya. Damu ya PCR inawekwa kwenye chupa ya EDTA, kifuniko cha zambarau. Ikiwekwa kwenye ya heparini, kifuniko cha kijani, heparini huzuia kimeng'enya cha PCR na jibu linatoka hasi. Damu ya seramu iachwe igande kama nusu saa kabla ya kuzungushwa kwenye mashine, na seramu itenganishwe siku hiyohiyo. Damu iliyotikiswa kwenye pikipiki kwa saa 3 ikiwa bado na chembe zake hufika nyekundu, na rangi hiyo inavuruga usomaji wa vipimo vingi. Damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya dawa ya kwanza ya antibaiotiki, mililita 8 hadi 10 kwa chupa ya mtu mzima. Nusu yake ni nusu ya nafasi ya kumpata kijidudu.

Kuotesha brusela kuna mtego wa hatari zaidi kwa aliye maabara. Ni bakteria wadogo mno, wanapokea rangi ya Gram (ya kutofautisha bakteria kwenye hadubini) kwa unyonge, wanakua polepole. Vifaa vya kutambua bakteria, ambavyo kumbukumbu yake mara nyingi haina brusela, vimewahi kuwaita kwa majina ya bakteria wengine, Moraksela au Okrobaktrumu. Mpimaji akiamini jina hilo anafungua sahani mezani, ananusa kama wazee walivyofundishwa zamani, na baada ya wiki kadhaa anaugua yeye. Brusela ni miongoni mwa magonjwa yanayowapata zaidi watu wa maabara duniani. Sheria ni rahisi: chupa iliyoota bakteria wadogo wa Gram hasi, wenye vimeng'enya vya oksidesi na yuriesi chanya, isifunguliwe tena nje ya kabati la usalama, mashine iseme inavyosema. Na aliyeomba kipimo aandike "nashuku brusela" kwenye fomu. Maneno hayo mawili yanalinda uhai wa mtu asiyemfahamu.

Kipimo cha haraka cha malaria kinaingiaje hapa? Kwa mlango wa nyuma. Kile kinachotafuta HRP2, protini ya kimelea cha malaria, kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na katika maeneo yenye malaria nyingi mtu anaweza kubeba vimelea huku homa yake ikitoka kwingine. Jibu chanya la malaria huzima maswali mengine yote. Utafiti wa wagonjwa 870 wa homa waliolazwa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta asilimia 60.7 wameandikiwa malaria na madaktari, wakati waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, asilimia 26.2 walikuwa nayo: leptospira, riketsia, homa ya Q, brusela. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye ugonjwa huo ulikuwa umeandikwa kwenye orodha ya mashaka siku ya kulazwa.

Kwa upande wa mifugo nitaje mawili tu. Kimeta: mzoga usipasuliwe, chukua damu ya mshipa wa sikio, tengeneza slaidi. Rangi ya methilini ya bluu inayotumika lazima iwe imekomaa. Iliyokorogwa jana haitaonyesha ule utando wa waridi unaozunguka bakteria, na slaidi yenye kimeta itasomwa hasi. Mzoga uliolala siku mbili juani nao umeshajaa bakteria wa uozo wanaofanana nacho. Kichaa cha mbwa: kichwa kisipigwe rungu wala risasi, kiende kwenye barafu, kisiende kwenye fomalini, maana fomalini inaharibu kipimo cha kawaida cha kung'aa kwa kingamwili. Ubongo ukatwe shina lake lote kuvuka pande zote mbili pamoja na ubongo wa nyuma, kwani kirusi kinaweza kuwa upande mmoja tu. Kwa mtu aliyeng'atwa, chanjo na kuosha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 havisubiri jibu la maabara yoyote. Na mate ya mgonjwa aliye hai yakitoka hasi hayamaanishi hana, kwa sababu kirusi hutoka kwa vipindi.

Ninachoomba kwa wakuu wa maabara ni mabadiliko ya karatasi tu: jina kamili la kipimo, kizimuo cha mwisho kilichogandana, tarehe homa ilipoanza kando ya tarehe ya sampuli, na mstari unaotaja siku ya kuleta sampuli ya pili. Fomu ya daktari nayo iwe na kisanduku cha wanyama: amegusa nini, amekunywa nini, lini. Kwa anayeishi na mifugo kila siku, Rose Bengal izimuliwe hadi 1:8 na zaidi kabla ya kuitwa ugonjwa, kwa sababu kingamwili za kuzoeana na wanyama kwa kawaida hufifia mapema seramu inapozimuliwa.

Na wagonjwa waliokwisha kumaliza dawa za brusela waache kukimbilia slaidi kila mwezi kuangalia kama wamepona. Kingamwili hubaki miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, baada ya bakteria kuisha, na wengi wanapewa dozi ya pili na ya tatu kwa ajili ya kumbukumbu ya damu tu. Kinachoangaliwa ni joto la mwili, uzito, mgongo na viungo, kwa mwaka mmoja hivi, kwa kuwa ugonjwa ukirudi hurudi zaidi katika muda huo. Dalili zikirudi, damu ioteshwe upya kabla ya kidonge cha kwanza.

Wako,
Mtaalamu wa maabara